Bolti ya Tisa

Kichwa cha bolti kwenye gari la plastiki la kuunganisha ni kidogo kuliko punje ya mtama. Kikianguka sakafuni, mtu mwenye akili hakitafuti. Katahira Tokuji aliishi na kimoja cha namna hiyo kwa miaka arobaini na mitatu. Muda huo karibu wote nilikaa meza ya pili kutoka kwake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Alikuja mjini Shizuoka mwaka 1959, kijana wa miaka kumi na mitano, kutoka mabonde ya juu ya mto Abe ambako kwao walilima chai. Alipelekwa kwa fundi Shirai, katika karakana ya kampuni yetu, ajifunze kuchonga. Wakati huo gari la plastiki halikuzaliwa kwenye kompyuta. Lilizaliwa kwenye mti. Mtu alichukua mti laini mweupe, akalichonga gari lote kipande kwa kipande, kila kipande mara tatu ya kile kitakachouzwa dukani. Kipande kikamwagiwa utomvu wa kugandisha ili kupata sura yake kwa ndani. Halafu mashine yenye mikono miwili ikaipapasa sura ile kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ikakitafuna chuma kwa kipimo cha theluthi. Chuma hicho ndicho kalibu, na plastiki ya moto ikishindiliwa humo inatoka gari. Kazi yangu mimi ilikuwa ya mwisho kabisa: kuisugua kalibu kwa jiwe la mafuta na vijiti vya mianzi mpaka ing'ae kama jicho la samaki mbichi.

Shirai alikuwa amejifunza kabla ya vita, akichonga samani za wanasesere, makabati ya kukaa kiganjani ambayo milango yake ilifungwa bila sauti. Miaka miwili ya kwanza mwanafunzi wake hakugusa mti, alinoa tu. Asubuhi hakuna aliyesema mpaka chai ya saa nne. Na kazi ikimalizika, hata kama imechongwa na mwanafunzi mwanzo hadi mwisho, fundi aliipitia kwa ukucha wa kidole gumba huku amefumba macho, kisha akaigeuza na kuichoma chini alama yake kwa chuma cha moto. Kuanzia hapo kazi ilikuwa yake, uzuri wake na ubaya wake. Leo ukiwaeleza vijana jambo hili wanakuuliza kwa nini mwanafunzi hakulalamika.

Kulikuwa na desturi nyingine ndogo, nayo ndiyo iliyoleta yote haya. Vichwa vya bolti havikuchongwa mahali pake. Vilikatwa kimoja kimoja kutoka kwenye kijiti chembamba, vikagandishwa kwa gundi kwa kutumia ncha ya sindano. Kimoja huruka siku zote, ukipumua tu kimekwenda. Kwa hiyo ukitaka vinane, unakata tisa. Cha tisa ni cha akiba, na ukimaliza unakipuliza kiende zake.

Mwaka 1966 tulikuwa tunatengeneza trekta la jeshi la kuvutia mizinga. Juu ya paa lake kulikuwa na kifuniko cha mviringo cha kutokea dereva, kimefungwa kwa bolti nane. Tokuji alipewa kifuniko. Alikuwa na miaka ishirini na miwili na mkono mzuri kuliko wote pale ndani, akiwemo wa fundi mwenyewe, ingawa hilo halikusemwa. Siku hiyo hakuna kichwa kilichoruka. Vyote tisa vilikuwa vimelala kwenye kisahani mbele yake, naye akavigandisha vyote tisa, akavipanga kwa jicho, vikakaa sawasawa kama namba za saa. Ndiyo maana havikuonekana. Kosa lililopangwa vizuri halionekani.

Fundi alipitisha ukucha, akachoma alama. Kalibu ikaja kwangu. Nilisugua vishimo tisa. Nilivihesabu, kwa maana kila kishimo kilitaka kijiti chake. Sikuwa nimeambiwa vinatakiwa vingapi, na sikuuliza. Nami niandike hivyo hapa, isije ikaonekana namnyooshea mtu mwingine kidole.

Maboksi yakaenda madukani majira ya kuchipua. Barua ya kwanza ilitoka kwa askari mstaafu wa kaskazini aliyewahi kuendesha trekta lenyewe. Alikuwa amekifungua na kukifunga kifuniko kile mpaka akakichukia, na bolti zake zilikuwa nane. Kisha gazeti la wapenda modeli likachapa picha na kukizungushia kifuniko duara jekundu. Zamani mtu aliyenunua gari la plastiki alitaka kudanganywa vizuri, na ukimdanganya vibaya alikuandikia. Niliziheshimu barua zile.

Mkurugenzi akaja karakanani mwenyewe. Mti ukaletwa, ukageuzwa, alama ikaonekana. Fundi Shirai akapiga magoti kwenye vumbi la mbao na kuinamisha paji la uso mpaka chini, akasema ni uzembe wake. Tokuji alikuwa amesimama nyuma yake ameshika kipande cha msasa. Nilikuwa natazama mdomo wake. Ulifunguka kidogo, ukafungwa. Maboksi yaliyobaki yakauzwa kwa jumla kama takataka. Vishimo vyote tisa vikazibwa kwa kuchomelea na vinane vikatobolewa upya, maana chuma kikishaliwa hakizoleki. Mwisho wa mwezi fundi akafunga patasi zake kwenye kitambaa cha bluu, akaaga kila meza kwa zamu, akaenda nyumbani. Hakufukuzwa. Watu wa aina yake hawakungoja kufukuzwa. Juu ya meza ya Tokuji aliacha patasi moja ndogo yenye ncha ya mviringo, ile ya kukatia vichwa vya bolti.

Tokuji akapewa meza ya fundi.

Hapo ndipo maisha yake yalipoishia, kwa namna fulani, ingawa alioa, akapata watoto wawili wa kiume, akajenga nyumba karibu na reli na kuchonga magari, ndege na meli zaidi ya mia mbili. Alikuwa haudhiki wala hafurahi. Timu ya shule ya mwanawe iliposhinda alipiga makofi kama mtu anayekung'uta vumbi. Mkewe Hisako alizoea kutuambia, mbele yake, kwamba yeye ameolewa na kabati, ila kabati angalau hufungua mlango ukilivuta. Tokuji alitikisa kichwa kukubali. Fundi Shirai alipofariki mwaka 1978 alituma bahasha ya rambirambi kwa mkono wa mtu mwingine. Siku ya mazishi alikuja kazini, akachonga mabawa mawili ya ndege. Yalikuwa mazuri.

Baadaye wachongaji waliondoka mmoja mmoja, kompyuta zikaingia, na mimi na yeye tukabakizwa kama vinyago vya mlangoni. Siku tatu kwa wiki tulikagua plastiki za majaribio, tukitafuta mawimbi na nyufa. Vijana walituita wazee kwa adabu nyingi na hawakutuuliza kitu.

Isipokuwa Bi Nagakura. Huyu alikuwa mkuu wa usanifu, miaka thelathini na miwili, mwenye kucheka kwa sauti. Mwaka 2009 kampuni ilipata ruhusa ya kutengeneza gari la sinema moja ya zamani ya watu wanaochimba barafu mwezini. Mliokuwa watoto miaka ya sabini mnalijua: gari refu lenye matairi kumi na mawili, watu wanaliita Jongoo. Waliolitengeneza kwa ajili ya sinema hawakuwa na fedha. Walifanya kama walivyofanya wote wa kazi ile: walinunua maboksi ya modeli yaliyotupwa, wakang'oa vipande vya mizinga na malori, wakavibandika juu ya boksi la mbao mpaka jicho likakubali kwamba ni chuma kizito. Juu ya paa waliweka kifuniko. Karibu na mwisho wa sinema dereva anatoka nje na kukifunga kwa upande wa nje, ili wenzake waliomo ndani wabaki na hewa. Halafu picha inasimama juu ya kifuniko kile muda mrefu, bila sauti.

Kina bolti tisa.

Bi Nagakura alikuwa ameshalipima Jongoo lenyewe kwa mashine ya mwanga nyumbani kwa tajiri mmoja aliyelinunua. Alituwekea picha mezani, akatueleza kwamba wapenzi wa sinema walishagundua miaka mingi kifuniko kimetoka wapi: kwenye trekta letu, toleo la kwanza, lenye kasoro. Wanaipenda bolti ya tisa. Wanaichapa kwenye fulana. Modeli mpya ikitoka na nane watachoma moto jengo, alisema, akacheka. Tena alikuwa amekwenda ghalani akachimbua, na akauona mti wenyewe na alama ya moto chini yake. Sasa alitaka kurasa mbili ndani ya kijitabu cha maelekezo, picha ya mti na habari za fundi Shirai, mkono ulioweka bolti ya tisa. Kitabu kingekwenda kwa mchapaji Ijumaa. Kwa kuwa Mzee Tokuji ndiye mwanafunzi pekee aliyebaki, alimwomba asome na kugonga mhuri wake kuthibitisha kwamba ni kweli.

Ilikuwa Jumanne. Tokuji aliutazama mti. Ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Aliomba kwenda nao nyumbani.

Saa za kutoka aliningoja getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Wewe uliona," alisema.

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Tukatembea. Njiani akanieleza kwa sauti ileile aliyotumia kutaja vipimo. Kwa miaka arobaini na mitatu alikuwa amejiahidi kwamba kabla hajafa atasema mbele ya watu kwamba ile bolti ni yake. Alikuwa anaitunza siku hiyo. Sasa siku imefika na imegeuzwa nje ndani: akikiri, atasifiwa. Picha yake itawekwa kitabuni, vijana watataka awasainie fulana. Akinyamaza, atakuwa amemwacha fundi aibebe mara ya pili. Aliniuliza kipi ni kibaya zaidi. Nimesoma vitabu vingi vya mitumba maishani mwangu, na hakuna hata kimoja kilichonisaidia jioni ile.

Alikuwa anakwenda kwa Fusae, binti wa fundi Shirai. Fusae alimzidi miaka mitatu. Alikuwa na kibanda cha chakula kwenye uchochoro nyuma ya soko, watu wanane wakikaa kimejaa, na sufuria moja ya mchuzi mweusi ambao haukuwahi kuisha tangu mwaka 1980, alikuwa anauongezea tu. Humo vilichemka vyakula vilivyochomekwa kwenye vijiti: figili, mayai, kano za ng'ombe, mikate ya samaki ya kijivu. Tokuji alikula hapo kila Alhamisi kwa miaka ishirini. Alikaa kiti cha mwisho, akala vijiti vitano, akaondoka.

Fusae hakugeuka tulipoingia. "Leo Jumanne," alisema.

"Najua, dada Fusae."

"Basi hukuja kula."

Hakukuwa na wateja bado. Tokuji akaweka mti mezani, akafungua gazeti alilouviringishia. Fusae aliitazama alama ya baba yake, akapangusa mikono kwenye aproni, hakuugusa.

"Hii bolti ya tisa niliiweka mimi," Tokuji alisema. "Fundi hakuwa na kosa. Niliiweka mimi, na siku ile sikufungua mdomo."

Fusae akageuza yai kwenye mchuzi. "Ndiyo," alisema.

"Ulijua?"

"Baba alirudi jioni ile akamwambia mama, leo Toku amegandisha na cha akiba. Alicheka mpaka akakohoa."

Tokuji akasema haiwezekani, fundi hakuviona, angeviona angerudisha kazi.

"Baba asivione? Mtu aliyekuwa anahesabu njegere kwenye wali? Alivipitia kwa ukucha wake, tisa. Mama akamwambia, mrudishie basi. Baba akasema, nikimrudishia kesho mkono utamtetemeka mpaka uzeeni, na mkono kama ule sitaupata tena. Nani katika dunia hii atakaa ahesabu bolti?"

"Walihesabu," nilisema.

"Walihesabu," alikubali Fusae. "Watu hawana kazi."

Akatutolea figili, kila mmoja kijiti kimoja, akanyunyiza unga wa samaki. Tokuji alishika kijiti chake hakula. Usoni hapakubadilika kitu. Nilimfikiria mtu aliyebeba gunia mgongoni miaka yote, anaambiwa gunia lilikuwa la watu wawili, na mwenzake alishatua zamani akapumzika. Huwezi kusema umefarijika. Mgongo umeshachukua umbo la gunia.

Tokuji akasema kwamba kwa hiyo fundi hakumchukia.

"Kwa bolti? Hapana." Fusae akafunika sufuria. Sauti yake haikupanda. "Kila tarehe tatu ya Januari wanafunzi wake wote walikuja kumsalimu. Alimwambia mama atandike mto wa kukalia na wa Toku. Mwaka wa kwanza akasema, labda ana kazi. Wa pili akasema, labda ana kazi. Mara kumi na mbili mto ule ulitandikwa. Mwaka wa mwisho hakusema kitu."

"Nilikuwa na aibu."

"Wewe ulikuwa na aibu. Sisi tulikuwa na mto."

Treni ilipita, vikombe vikalia rafuni.

"Halafu ukaanza kuja hapa," Fusae aliendelea. "Nikasema, haya, amefika. Kila Alhamisi nasema, leo ataniuliza baba alikufaje. Miaka ishirini, Toku. Unaniomba haradali."

Tokuji aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mbao za meza, karibu na mti. Fusae akamwambia ainuke, meza ina mafuta. Ndipo Tokuji alipomweleza juu ya kitabu. Je, amwambie yule binti ukweli, iandikwe kwamba ni yeye?

Fusae hakufikiri muda mrefu. "Siku ya kusema ilikuwa siku ya viboko," alisema. "Leo wanagawa peremende. Ukinyoosha mkono leo utakuwa umekuja kwa ajili ya peremende. Mwache baba. Yeye ndiye aliyeona, akapitisha. Alama si yake?"

"Ni yake."

"Basi kula."

Akala. Siku ya Ijumaa asubuhi aligonga mhuri. Bi Nagakura alimuuliza kama kuna la kuongeza, maana kulikuwa na nafasi ya mistari miwili. Tokuji alifikiri, kisha akamwomba aongeze kwamba fundi Shirai alikuwa akihesabu kila kitu kwa ukucha, na kwamba hakuwahi kukosea hesabu. Bi Nagakura akaandika, akasema inapendeza, ingawa haioani na habari ya kosa. Tokuji akamwambia aiache hivyohivyo. Kwa hiyo katika kitabu kile, ukurasa wa kumi na moja, kuna fundi asiyekosea hesabu aliyeweka bolti tisa mahali pa nane. Wasomaji wameandika barua kuulizia. Siku hizi zinakuja kwenye skrini, hazina hata bahasha.

Jongoo lilitoka Novemba. Tokuji alilinunua dukani kama mtu yeyote, akaliunganisha kwa mwezi mzima, hakulipaka rangi. Tarehe tatu ya Januari aliniomba nimsindikize. Hisako alimfunga tai mwenyewe, akaniambia kando kwamba kabati limetoka nje.

Nyumbani kwa Fusae kuna madhabahu ndogo ya wazazi, milango yake ilichongwa na baba yake, inafungwa bila sauti. Tokuji akaweka Jongoo mbele ya picha ya fundi, akawasha ubani, akafumbata mikono. Fusae alikuwa ametandika mito mitatu. Mmoja ulikuwa wa zambarau, umeliwa na nondo ukingoni. Tokuji akakaa sakafuni kando ya mto huo.

"Kalia," Fusae alimwambia. "Umetoboka lakini ni wako."

Akasogea, akaukalia. Nilimtazama nikingoja alie, nami pengine nilikuwa nangoja ili na mimi nilie. Hakulia. Baada ya muda alinyoosha mkono, akafumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba kuzunguka kifuniko cha gari.

"Tisa," alisema, ingawa hakuna aliyeuliza.

Fusae akaleta chai. Ilikuwa chai ya majani yaliyokaushwa kwa mashine, chungu tu. Hata kule kwao Tokuji mabondeni hakuna tena anayeyakausha majani kwa viganja. Tuliimaliza, tukaaga, tukashika njia ya reli.